KESI HUANZIA KAZINI, SI KORTINI

Jumapili moja baada ya sala tulikuwa Mulanda, gombolola ya wilaya ya Tororo, tukikutana na wanachama wetu wa viwandani na wa mashambani. Watu wa Mulanda ni wakulima wa mihogo, wimbi, mtama na karanga, lakini kila mmoja anajua kwamba mihogo peke yake hailipi karo ya watoto. Kwa hiyo wametawanyika kila mahali penye mshahara. Wengine wako viwandani mjini Tororo, wengine wanakata miwa upande wa Busia, na wengine huvuka mpaka kufanya kibarua Kenya na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Tulikuwa tumekwenda kuzungumza juu ya ada ya chama. Hatukufika mbali. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alisimama akasema: "Ninyi watu wa chama, kabla hamjaomba shilingi yangu, nielezeni jambo moja. Loya ni wa nini? Mimi nilikuwa na loya, nikashindwa. Tajiri alikuwa na loya wake, akashinda. Je, loya wangu alinunuliwa?" Alipokuwa akisema aliinua mkono wake wa kulia. Mkono huo una vidole viwili.

Mkutano mzima ulinyamaza. Tuliona kwamba swali la mzee huyo ni swali la wafanyakazi wengi ambao hawajapata pa kuliuliza. Tumeamua kulijibu katika ukurasa huu. Sisi tunaoandika si wanasheria, wengi wetu tuliishia shule ya msingi, lakini kwa miaka mingi tumewasindikiza wafanyakazi kwa Ofisa wa Leba na kortini, na tumeona kwa macho yetu kesi zinavyoshinda na zinavyoanguka.

KISA CHA MZEE

Mzee huyo alikuwa mpakizi wa mifuko katika kiwanda kimoja. Hakuandikwa na kiwanda chenyewe. Aliletwa na kontrakta, akalipwa mkononi kila Jumamosi, bila kadi, bila barua, bila karatasi ya mshahara. Siku moja mkanda wa mashine ulimkamata mkono. Wenzake wanne walimtoa wakambeba mpaka getini, na gari likampeleka hospitali. Karatasi ya hospitali iliandikwa jina lake, tarehe, na neno moja tu: ajali. Ajali ya wapi, haikuandikwa.

Aliambiwa aende nyumbani apone, ataitwa. Akangoja. Kontrakta alihama. Mzee alipomwona wakili, muda mwingi ulikuwa umepita. Wakili aliandika barua ya madai, na jibu la kiwanda lilikuwa fupi: hatumjui mtu huyu.

Sasa sikilizeni vizuri. Sheria ya Uganda ya Fidia kwa Wafanyakazi, ya mwaka 2000, iko upande wa mfanyakazi aliyeumia. Inasema mwajiri atalipa fidia kwa mtu aliyeumizwa na kazi, na mfanyakazi hana haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Mtu akifa au akiharibika kabisa asiweze tena kufanya kazi, fidia yake huhesabiwa kwa mapato ya miezi 60. Lakini ni lazima kwanza ithibitike kwamba wewe ni mfanyakazi wa pale, na kwamba uliumia kazini. Wakili wa mzee hakuwa na karatasi. Lilibaki jambo moja tu, mashahidi.

Wakili aliwatafuta wale wanne waliombeba. Mmoja alikuwa amehamia mbali. Wawili walisema wana watoto, hawawezi kusimama mbele ya tajiri. Wa nne alikuwa mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu. Naye aliogopa kupigwa kalamu, hakwenda kortini. Hakimu aliposikia kesi, alikuwa na neno la mzee peke yake, na upande wa pili karani wa kiwanda aliyeleta daftari ambalo jina la mzee halimo. Kesi ikatupwa.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza kwa mzee wetu ni hili. Loya wako hakununuliwa. Alikwenda vitani bila risasi, na risasi tulikuwa nazo sisi.

WAKILI WA KORTINI NI NANI?

Wakili ni mtu aliyesoma sheria chuo kikuu, kisha akafundishwa kazi ya korti. Kwa Uganda mafunzo hayo ya pili hutolewa na Law Development Centre mjini Kampala, chuo kilichoanzishwa mwaka 1970. Kwa Kenya ni Kenya School of Law. Akifaulu huandikwa katika orodha ya mawakili, na kila mwaka lazima apate leseni mpya. Asiye na leseni ya mwaka huo haruhusiwi kusimamia kesi ya mtu.

Si kila anayevaa tai na kushika faili nje ya korti ni wakili. Wako madalali wanaozunguka hospitalini na kwenye stendi za magari wakitafuta watu walioumia. Wanakusanya pesa na karatasi, halafu hawaonekani tena. Kabla hujatoa shilingi moja, uliza: jina lako nani, ofisi yako iko wapi, leseni yako ya mwaka huu iko wapi? Wakili wa kweli hakasiriki akiulizwa. Ukiwa na shaka, uliza kwa Uganda Law Society, ambayo iko tangu mwaka 1956, au kwa Law Society of Kenya ukiwa upande ule.

Tena mawakili hawafanani. Mmoja kazi yake ni hati za ardhi na mikataba ya makampuni, naye anaweza kumaliza mwaka bila kusimama mbele ya hakimu. Mwingine kazi yake ni kesi za kusikilizwa, na huyo ndiye tunayemzungumzia hapa. Mwenye shida ya leba atafute wakili anayezijua kesi za leba, kama vile mwenye jino bovu asivyokwenda kwa daktari wa macho.

Wakili ana wajibu wa pande mbili. Upande mmoja ni wako wewe uliyemweka: atunze siri yako, asimamie haki yako, asiogope sura ya tajiri. Upande wa pili ni wa korti: haruhusiwi kumdanganya hakimu, wala kumfundisha shahidi maneno ya uongo. Kwa hiyo usimwambie wakili hadithi tamu. Mwambie ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Kama ulipewa barua mbili za onyo, mpe zote mbili. Ukificha moja, wakili wa tajiri ndiye atakayeitoa mbele ya korti, na wakati huo wako hana la kujibu. Mficha uchi hazai.

KAZI ISIYOONEKANA

Wafanyakazi wengi hudhani kazi ya wakili ni kusema Kiingereza kingi mbele ya jaji. Hiyo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa hufanyika kabla, mahali usipomwona.

Kwanza anakusikiliza na kupanga habari zako kwa tarehe. Pili anatazama muda. Hili ndilo linalowaangusha watu wetu kuliko yote. Kwa Uganda, mfanyakazi aliyefutwa bila haki anatakiwa kupeleka malalamiko kwa Ofisa wa Leba ndani ya miezi 3, na akichelewa lazima aeleze sababu ya maana. Aliyeumia kazini anatakiwa kumpa mwajiri taarifa mapema, isizidi mwezi mmoja. Huwezi kukaa nyumbani mwaka mzima ukingoja kuitwa, halafu ukamlaumu wakili.

Tatu anatafuta mashahidi na karatasi. Nne anamwandikia mwajiri barua ya madai, na mara nyingi jambo huishia hapo kwa mapatano. Wakili mzuri hapendi kila jambo lifike kortini. Anajua kwamba mapatano mema ya leo yanaweza kumfaa mwenye njaa kuliko hukumu ya miaka mitatu ijayo. Lakini asipatane bila idhini yako. Kesi ni yako, si yake.

Ikishindikana, anafungua kesi. Hapo ndipo huja siku za "kutajwa" na "kuahirishwa" zinazowachosha watu. Siku ya kutajwa si siku ya kusikilizwa, ni ya kuona kama pande zote zimeweka karatasi zao. Mwulize wakili wako mapema ni siku ya namna gani, ili usipoteze nauli na siku ya kazi bure.

MASWALI MATATU YA WAKILI

Tutatoa mfano tulioushuhudia wenyewe. Mama mmoja, mpalizi wa miwa katika shamba moja, alifutwa kazi baada ya miaka tisa. Nyapara alimwambia kwa mdomo tu asirudi kesho. Walidai kwamba hakuonekana kazini Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Mama huyu alikuwa na mazoea ambayo wenzake walimcheka. Kila jioni aliandika katika daftari la shule la mtoto wake: tarehe, mistari aliyopalilia, jina la nyapara, na hali ya hewa.

Alikuja kwetu wiki ile ile. Tulimpeleka kwa Ofisa wa Leba kabla miezi 3 haijaisha. Siku 90 zilipita bila uamuzi, na hapo sheria inaruhusu kwenda Korti ya Viwanda. Korti hiyo iko Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu. Ndani yake jaji hakai peke yake. Hukaa na wajumbe watatu: mmoja wa upande wa waajiri, mmoja wa upande wa wafanyakazi, na mmoja asiye wa upande wowote.

Wakili wa mama alikuwa binti mdogo kwa umri. Alilisoma lile daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika Jumanne ile alikuta: "Mistari 6. Mvua. Turudishwa saa sita." Akaandika barua kuitaka kampuni ilete orodha yake ya malipo ya wiki ile. Hakusema kwa nini anaitaka.

Siku ya kusikilizwa ilifika. Siku hizi shahidi huandika maelezo yake mapema, kisha huapa na kuyakubali, halafu wakili wa upande wa pili humhoji ili kuyapima. Karani wa kampuni alisimama akathibitisha kwamba mama hakuja kazini siku tatu. Wakili wetu aliinuka. Hakupiga kelele. Alimpa karani orodha ya malipo ya kampuni yenyewe.

"Bwana Karani, orodha hii ni yenu?"

"Ndiyo."

"Tafuta jina la mama huyu. Jumanne ameandikiwa nini?"

Karani alitafuta kwa kidole. "Nusu siku."

"Asiyekuja kazini hulipwa nusu siku?"

Karani hakujibu. Wakili akasema, "Sina swali lingine, Mheshimiwa," akakaa.

Maswali matatu tu. Wengine wetu tulishangaa kwamba amekaa mapema hivyo. Baadaye alituambia: "Wazee wangu, swali la nne lingempa nafasi ya kujieleza." Huo ndio ujuzi wa wakili wa kortini, kujua la kuuliza, na kujua wakati wa kunyamaza.

Korti iliona pia kwamba mama hakupewa nafasi ya kujitetea kabla ya kufutwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ambaye anataka kumfukuza mtu kwa makosa amweleze kosa kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na amruhusu kuja na mtu anayemchagua mwenyewe. Inataka pia notisi: aliyefanya kazi miaka 5 mpaka 10 apewe notisi ya miezi 2, na aliyezidi miaka 10 apewe miezi 3. Mama alishinda. Malipo yalichelewa, ikabidi wakili aandike tena na tena, lakini yalifika.

Ndugu, linganisheni kesi hizi mbili. Si kwamba wakili mmoja alikuwa hodari na mwingine mjinga. Mmoja alipewa daftari, na mwingine alipewa mikono mitupu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ya mfanyakazi ni mali.

MFANYAKAZI AKISHIKWA NA POLISI

Mara nyingine mwajiri haandiki barua ya kufuta. Anaita polisi na kusema mfanyakazi ameiba mafuta au mifuko. Hapo kesi ni ya jinai, na anayekushtaki ni serikali. Ni juu ya mshtaki kuthibitisha kosa pasipo shaka, na wewe huhitaji kuthibitisha kwamba hukuiba.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 48 kwisha. Kwa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inasema saa 24. Dhamana ya polisi Uganda hailipiwi. Kazi ya kwanza ya wakili hapo ni kuona kwamba hukai ndani kupita muda, hupigwi, na husaini maelezo usiyoyaelewa. Kama kosa lenyewe adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha, Katiba ya Uganda inaitaka serikali ikupe wakili kwa gharama yake. Kwa makosa madogo hakuna ahadi hiyo, na ndipo chama kinapotakiwa kumfikia mwanachama haraka.

KAPENGURIA NA MAHALI PASIPO WAKILI

Tusisahau kwamba vyama vya wafanyakazi katika nchi zetu vimepita kortini. Mei 1949 lilianzishwa shirikisho la East African Trade Union Congress mjini Nairobi, rais wake Fred Kubai na katibu wake Makhan Singh. Mei 1950 wote wawili walikamatwa. Makhan Singh alizuiliwa mpaka mwaka 1961.

Oktoba 1952 Kubai alikamatwa tena, safari hii pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia ambaye naye alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Walipelekwa Kapenguria, kaskazini ya Kitale, ng'ambo ya Mlima Elgon tunaouona kutoka huku kwetu. Serikali ya kikoloni ilichagua mahali pa mbali ili watu wasifike. Lakini mawakili walifika. Alikuja D. N. Pritt kutoka Uingereza, H. O. Davies kutoka Nigeria, Chaman Lall kutoka India na Dudley Thompson, mtu wa Jamaica, wakaungana na mawakili wa Kenya Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Pritt mwenyewe alishtakiwa kwa kudharau korti kwa sababu ya simu aliyopeleka Uingereza kulalamika, akaachiliwa.

Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Thacker aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka saba. Oneko alishinda rufani, lakini serikali haikumwacha huru. Mtu angesema mawakili wale walisumbuka bure. Sivyo. Maswali yao yote yaliandikwa. Shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, ambaye aliahidiwa safari na masomo Uingereza, mwaka 1958 aliapa kwamba alisema uongo. Alifungwa kwa ajili ya kiapo hicho, na Pritt alirudi kumtetea. Dunia ikajua kesi ile ilikuwa ya namna gani.

Mahali pasipo wakili tumepaona pia, hapa Uganda. Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa wakili na baadaye Jaji Mkuu, alichukuliwa na askari ndani ya Korti Kuu ya Kampala Septemba 1972, wala hakurudi. Februari 1977 Charles Oboth-Ofumbi, mtoto wa Padhola, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na Erinayo Oryema. Hawakupewa kesi wala wakili. Watu waliambiwa ni ajali ya gari. Oboth-Ofumbi alikuwa waziri katika serikali ile ile. Ikiwa waziri alikosa mtu wa kumsemea, kibarua angepata wapi?

PESA ZA WAKILI

Wakili hula kwa kazi yake kama sisi. Lakini pesa zake ziwe wazi. Patana naye kwa maandishi tangu siku ya kwanza, na kwa kila unacholipa dai risiti. Pesa za fidia yako zikipitia kwake, anatakiwa kuziweka katika akaunti ya wateja, zisichanganyike na zake. Tena sheria za nchi zote mbili zinamkataza wakili kupatana nawe kwamba ujira wake utakuwa sehemu fulani ya fidia utakayoshinda. Akikwambia "tukishinda tunagawana nusu kwa nusu," mkimbie. Na akila pesa yako, usinung'unike kilabuni. Peleka malalamiko kwa Law Council upande wa Uganda, au kwa Advocates Complaints Commission upande wa Kenya.

Asiye na kitu asikate tamaa. Uganda Law Society ina mpango wa kuwasaidia maskini tangu mwaka 1992, na Kenya ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016. Na hapa tunarudi kwenye ile ada mzee aliyotuuliza. Shilingi ya mtu mmoja haiajiri wakili. Shilingi za watu mia tano zinamwajiri, na tajiri anajua hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

WANAOVUKA MPAKA

Watu wa Busia na Malaba, jambo hili ni lenu. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010, na kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Kuvuka kumekuwa rahisi, lakini sheria hazijawa moja. Aliyeumia au kufutwa akiwa kazini Kenya, kesi yake kwa kawaida ni ya Kenya. Huko wakili mwenye leseni ya Uganda peke yake hawezi kukusimamia kortini. Kesi za kazi huko huenda korti ya kazi iliyotajwa katika Katiba ya 2010, na muda wa kufungua kesi ya kufutwa ni miaka 3. Katika korti hiyo ofisa wa chama chako anaruhusiwa kukusimamia hata kama si wakili. Aliyeumia huko aanze kwa Mkurugenzi wa usalama kazini chini ya sheria ya mwaka 2007, kupitia ofisi yake iliyo karibu, asikimbilie kortini kwanza. Korti ya Juu ya Kenya ilithibitisha hivyo Desemba 2019.

TUFANYE NINI?

Pale Mulanda tulikubaliana mambo haya, nasi tunayaweka mbele ya kila tawi:

1. Kila mwanachama awe na daftari. Aandike tarehe, kazi aliyofanya, jina la nyapara na malipo aliyopokea.

2. Vibarua wa kontrakta waandikwe majina yao na mjumbe wa chama, pamoja na siku walizofanya kazi.

3. Mtu akiumia, mjumbe amfuate hospitali siku ile ile, ahakikishe karatasi imeandikwa jina la mwajiri na mahali pa ajali. Mwajiri apewe taarifa kwa maandishi na nakala ibaki kwetu.

4. Asisaini mtu wala kuweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

5. Aliyefutwa aje ofisi ya chama wiki ile ile.

6. Aliyeona, aseme. Shahidi akisimama peke yake ataonewa, kwa hiyo wasimame wote walioona, na chama kiwe nyuma yao.

La sita lilichukua muda mrefu. Yule mmoja wetu tuliyemtaja alisimama mbele ya mkutano, akamgeukia mzee, akasema: "Mzee wangu, mimi nilikubeba mpaka getini, na sikuja kukusemea. Niliogopa." Hakuna aliyemzomea. Mzee alimtazama kwa muda, akauliza kama bado anafanya kazi pale. Akajibiwa kwamba hapana, alipunguzwa mwaka uliofuata pamoja na wengine. Mzee akatikisa kichwa. "Kwa hiyo kazi uliyoiogopea nayo ilikwenda," akasema. "Basi andikeni, ili mwingine asipatwe na haya."

Kisha alitoa ada yake ya mwezi, akaihesabu kwa mkono wa kushoto.

Ndugu wafanyakazi, tumeandika. Umoja ni nguvu.